Mguu Uliogusa Chini

Mhoja Bugalama alikuwa fundi baiskeli pale Mpemba, na mimi sijapata kumwona mwamuzi wa sarakasi za baiskeli kama yeye. Wengine tulijaza viti tu.

Kwao bondeni Momba, kwa wafugaji wa Kisukuma, wanaoamua ni watazamaji. Wachezaji wawili huanza pamoja, kila mmoja upande wake wa uwanja. Watu hukimbilia kwa wanayempenda, na anayebaki peke yake ameshindwa. Hata ukiyumba si kitu, mradi uyumbe kwa madoido. Sisi wakulima wa kahawa wa kata ya Ruanda hatuamini kelele. Tunakaa waamuzi watatu na karatasi, na mguu ukigusa chini unakatwa alama tano. Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo vunja lako jicho. Mhoja alikuja kwetu na yote mawili wazi.

Mwaka 2009 zawadi yetu ilikuwa baiskeli mpya. Fainali wakaingia Goodness wa Nanyala na Shani, binti yake Mhoja, aliyekuwa akienda sekondari kwa baiskeli ya vipande alivyoviunga baba yake. Nikamwambia Mhoja ajitoe. Goodness mwenyewe akakataa.

"Mzee Mhoja abaki. Huyo haonei mtu."

Shani alipoachia usukani na kusimama juu ya tandiko, uwanja wote ulihamia kwake, hata mama yake Goodness. Kwao angekuwa ameshashinda, na nadhani alisahau yuko wapi. Akaketi, akaanza kuwapungia watu. Mimi na Loisi, mwamuzi wa tatu, tulikuwa tunapiga makofi kama watoto. Tukampa alama zote. Mhoja akakata tano. Tulipojumlisha, Goodness alikuwa amempita kwa mbili.

"Mguu gani huo, mzee?" nilimuuliza kwa hasira.

"Wa kushoto," alisema. "Umegusa akiwapungia."

Shani akaja akisukuma baiskeli yake. Nilijua atamlaumu, na moyoni nilikuwa upande wake. Akapiga goti mbele ya baba yake, kama wafanyavyo mabinti wa Kisukuma.

"Baba, mguu uligusa mara mbili. Mara ya kwanza wewe ulikuwa umeinama, unaandika."

Mhoja akanyoosha mkono, akaomba karatasi yake ya alama, akakata tano nyingine. Kisha akalia mbele ya watu wote, wala hakujifuta.