Maziwa ya Mgeta na Slaidi Iliyowaka Mno

Paskalia Severini hajawahi kuona kitu akakiacha bila kukiuliza kwao ni wapi. Kwa miaka kumi na minne aliosha vyombo katika maabara moja ya mifugo mjini Morogoro, na kwa kuwa kuuliza si ujinga, aliwasumbua watafiti mpaka Daktari Mwanaheri, mkuu wao, akasalimu amri.

"Dada Paskalia, kaa mezani ufanye mwenyewe. Ukinipa picha safi ya vimentini Ijumaa hii, kuosha vyombo basi. Ukishindwa, sinki linakungoja."

Vimentini ni protini inayoisimamisha seli kama fito zinavyosimamisha nyumba ya udongo, ila haionekani hivihivi. Huanza kingamwili, yaani protini ya kinga, iliyotoka kwa mbuzi, ambayo huinasa vimentini. Kisha hutiwa kingamwili ya pili, iliyotoka kwa sungura na kupakwa rangi inayong'aa, ambayo kazi yake ni kuisaka ile ya mbuzi popote ilipo. Kabla ya yote hayo seli hufunikwa kwa kitu cha kuzuia kingamwili zisigande ovyo. Paskalia alikuwa amewaona watafiti wakitumia maziwa ya unga.

Siku aliyokaa mezani, kopo la maziwa hayo lilikuwa tupu. Lakini yeye ni mtoto wa Mgeta, huko milimani, wanakofuga mbuzi wa maziwa, na chumbani kwake Mwembesongo ilikuwepo chupa iliyotumwa na mama yake asubuhi. Maziwa si maziwa? Akayaengua mafuta, akayamimina juu ya seli zilizolala kwenye slaidi mbili za kioo, akajiona fundi.

Chini ya hadubini seli ziliwaka kijani zote. Erick, mwanafunzi wa Daktari, akapiga makofi. Daktari akachungulia, akatabasamu.

"Hongera, dada! Umetoka kwenye sinki."

Paskalia alifurahi, tusimsingizie. Ila jicho lake halitulii. Wenzake walipokwenda kunywa chai, akaiweka slaidi ya pili, ile ya kulinganishia, ambayo haikutiwa kabisa kingamwili ya mbuzi, ila ile ya pili tu. Hiyo ilipaswa kuwa giza. Nayo iliwaka kijani vilevile.

Hakuna mwingine aliyeiona, na akiitupa, nani atajua? Tena kichupa cha kingamwili ya mbuzi kilibakiwa na tone la jaribio moja, na kingine huchukua miezi kufika kutoka ng'ambo. Aliogopa kweli.

Lakini kwa nini imewaka? Swali hilo lilimwasha kuliko hofu. Akachukua kioo kitupu kisicho na seli hata moja, akakipaka maziwa peke yake, akatia kingamwili ya pili. Kikawaka! Paskalia akacheka, cheko la mtu aliyemvizia mwizi akajikuta ni yeye mwenyewe. Mbuzi wa mama walikuwa na kingamwili zao ndani ya maziwa, na ile ya sungura imezikuta zimejaa tele kila mahali.

Mficha uchi hazai. Daktari aliporudi, Paskalia alikuwa amesimama mlangoni.

"Daktari, ile picha ni ya uongo. Nilitumia maziwa ya mbuzi wa kwetu."

Daktari alizitazama slaidi zote, moja baada ya nyingine, na tabasamu likafutika.

"Tone limebaki moja, dada."

"Najua. Naomba nilitumie, na unipe maji ya damu ya sungura badala ya maziwa. Kingamwili iliyotoka kwa sungura haitawasaka sungura wenzake."

Daktari alizirudisha slaidi mezani. "Lipo kwenye friji. Likipotea, usiniombe tena."

Ijumaa Paskalia hakuanza na slaidi yenye kingamwili zote mbili. Alianza na ya kulinganishia.

"Giza!" akapiga kelele. "Daktari, njoo uone giza!"

Kwenye slaidi nyingine nyuzi nyembamba za kijani zilikizunguka kila kiini cha seli, unaweza kuzihesabu. Erick aliinamia picha hiyo mara moja. Daktari Mwanaheri yeye aliinamia ile slaidi ya giza, akakaa nayo muda mrefu, kisha akamshika Erick bega.

"Toka hapo kwanza. Njoo dada Paskalia akufundishe."