Mpagazi wa Mwisho Hutazamwa Kimkwe

Jicho la kulia la Batuli binti Saidi lilipigwa kwa kufuli. Si kufuli la kurushwa, la. Lilikuwa kufuli la bucha, zito kama jiwe la mizani, limefumbatwa ndani ya ngumi, na mwenye ngumi alikuwa mumewe, Sadiki. Ugomvi ulianzia kwenye chumvi ya mchuzi. Majirani wa mtaa ule wa Tabora mjini walipunguza sauti ya redio wasikie vizuri, kisha wakaiongeza.

Jicho lilipona, ila katikati pakabaki shimo la giza. Akikutazama kwa jicho lile aliona masikio yako na mabega yako, uso haupo. Ili auone uso ilimbidi atazame pembeni yako, kama mtu anayekudharau. Waliomjua walimwelewa. Wasiomjua walisema yule mama anakata jicho, na wapo waliosema neno baya kuliko hilo.

Alidai talaka, akaipata kwa mbinde, akarudi kwa baba yake.

Mzee Saidi alikuwa seremala wa mninga, fundi wa milango na vitanda vya maharusi. Zamani padre mmoja mzungu, mtu wa suruali zilizopwaya, alikuwa amesugua kioo cha darubini kwa mikono yake mwenyewe, kipana kama sinia la pilau, akamwomba mzee akitengenezee mwili. Mzee akatengeneza kasha la mninga, refu kiasi kwamba mtazamaji alipanda ngazi kukifikia kitundu cha kutazamia. Padre aliporudi kwao alisema darubini ile haipandi ndege, basi abaki nayo aliyeipa mwili. Watu waliiita mzinga. Na Tabora, ndugu zangu, mzinga ni wa nyuki kwanza, wa vita baadaye, kwa hiyo hakuna aliyeogopa.

Taa za mji zilipozidi, mzee akaihamishia shambani Tura, kijiji cha reli, ambako giza bado ni giza. Alipofariki, Batuli akabaki huko na mizinga ya aina zote mbili. Mchana aliuza asali. Usiku, mwezi usipokuwapo, alitazama galaksi.

Galaksi, kwa asiyejua, ni kijiji cha nyota. Zimo nyota zisizohesabika, ila kijiji kiko mbali mno, hata mwanga wake ukitufikia umechoka, umekuwa kama pumzi ya mtu juu ya kioo. Katika kundi la nyota liitwalo Mashuke ziko galaksi kadhaa zimejipanga mstari uliopinda. Mzee Saidi, ambaye babu yake alibeba pembe za ndovu za watu kutoka huku hadi pwani, aliuita mstari ule Msafara. Mbele wapo makirangozi wawili wanene, waongoza njia, nyuma yao wapagazi wenye mizigo. Na nyuma ya wote, padre alisema, yupo mmoja hafifu kabisa. Mzee alimtafuta mpagazi huyo wa mwisho hadi akafa hajamwona.

Maana kitu hafifu ukikikodolea kinakimbia. Katikati ya jicho kumezoea jua, pembeni ndiko kunakojua giza. Padre alilieleza jambo hilo kwa maneno marefu, mzee akalifupisha: "Kitazame kama unavyomtazama mkweo." Kwa Mnyamwezi hilo halihitaji maelezo. Mkwe unamsalimu umeinamisha uso, unajua kavaa nini, unajua kama kanuna, na bado hujamtazama.

Na Batuli, tangu lile kufuli, alikuwa akiitazama dunia nzima kimkwe.

Ikawa mwaka juzi, kiangazi, baada ya swala ya isha, amepanda ngazi, ameweka jicho lake bovu kwenye kitundu, akashusha pumzi. Mpagazi wa mwisho akatokea. Hafifu, pembeni, yupo! Batuli akapiga kelele ya furaha kutoka tumboni, ndefu, akasahau yuko wapi.

Huko sauti ya namna ile ina jina. Huitwa mwano, yowe la hatari. Mwano ukilia, kila mwenye miguu hutoka na rungu, upinde au mchi, na anayeusikia huupokea na kuupeleka mbele. Na mwano una tabia mbaya: haupendi kurudi nyumbani na njaa. Wiki ile ng'ombe walikuwa wameibwa. Watu walimiminika wakifuata sauti, na njiani wakakutana na mgeni mwenye baiskeli, muuza vyungu kutoka Nzega, jina lake Silasi. "Wewe nani? Unakimbia nini?" Hakuwa akikimbia. Alianza kukimbia walipomuuliza.

Batuli alifika akipiga kelele kwamba hakuna mwizi, ilikuwa furaha tu, jamani, furaha! Alisikia taya la yule mtu likivunjika kabla hajalifikia lile duara la watu. Vyungu vilikuwa vigae, na vigae vilikuwa vimemwingia mgongoni kwa sababu walimburura juu yavyo. Aliyeanza kupiga ni Ngollo, kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji, mwanamume mkubwa asiyependa maneno. Alipoelewa, alikaa chini palepale kwenye damu na rungu lake mapajani.

Silasi hakufa. Alibaki na sikio moja la kusikilizia, na mpaka leo uji anaunywea upande mmoja wa mdomo. Ngollo akimwona barabarani hushuka kwenye pikipiki, akainamisha kichwa hadi apite. Batuli akaapa kwamba kinywa chake hakitapiga mwano tena maishani, hata akichomwa moto.

Mwaka huu kiapo kikaja kudaiwa.

Giza lilikuwa limeingia punde tu. Alikuwa ngazini aliposikia pikipiki ikizimwa kule kwenye njia ya reli, kisha miguu ya mtu asiyeyajua matuta ya shamba.

"Hodi, mwenye mali."

"Sadiki," alisema Batuli bila kugeuka.

"Umenijuaje na giza lote hili?"

"Harufu ya bucha haifuliki kwa sabuni."

Alicheka. Alikuwa na panga, na alikuwa akilisugua kwenye paja la suruali ili lisikike. "Sina ugomvi na wewe, mama. Nataka hicho kioo. Kuna jamaa Nzega wanasema mgongoni kimepakwa zebaki nyekundu ya Mjerumani, ghali kuliko dhahabu."

"Kimepakwa utando wa fedha mwembamba kuliko ganda la kitunguu, bwege wewe. Hata pete ya mtoto haitoki."

"Batuli. Nilikuachia jicho moja. Usinirudishe kwenye hesabu zile."

Batuli alishuka ngazi taratibu. Nyumba ya karibu ilikuwa mwendo wa kupaza sauti tu. Akipiga mwano, watafika, na Sadiki atakuwa nyama. Asipopiga, nyama ni yeye. Akafumba mdomo.

Sadiki akawasha tochi ya simu. Batuli akafumba na jicho la kulia, kama afanyavyo kila mtazamaji taa inapomjia, ili jicho lihifadhi giza lake. Yule bwana akakivuta chini kinywa cha kasha, akakiinamia, akamulika ndani kuiona mali. Sasa kioo kile kazi yake ni kukusanya mwanga hata wa mbali kabisa. Kilikusanya ule wa simu, kikamrudishia wote machoni.

"Ala!"

Batuli alishauchomoa mpini wa mninga wa kusukumia darubini. Pigo la kwanza liliisambaratisha simu pamoja na vidole vilivyoishika.

Giza likarudi. Kwa Sadiki lilikuwa la kaburini. Batuli alifumbua jicho lake la kulia, akageuzia uso kwenye mizinga ya nyuki, na pembeni kabisa akamwona: bonge jeusi kuliko mbingu, mkono wenye panga unapanda. Alimpiga bila kumtazama. Panga likashuka kombo, likamchana bega, akausikia ubaridi wa chuma na kisha joto. Akapiga kifundo cha mkono, mfupa ukalia kama bua la mtama. Panga likaanguka. Akapiga goti, na lile bonge likaporomoka. Akapiga mbavu, akapiga tena palepale, na kila pigo lilikuwa na chumvi ya mchuzi ndani yake. Akanyanyua mpini juu ya kichwa.

Hapo ndipo Sadiki alipopaza sauti. "Uwiiii! Nauawa, jamani! Uwiiii!"

Nyumba ya kwanza ikaupokea mwano. Ya pili ikaupokea. Ukaenda hadi stesheni.

Mpini ulikuwa bado juu. Hakuhitaji hata kuushusha. Neno moja, *mwizi*, na wengine wangemaliza. Lakini sikioni mwake taya la Silasi lilikuwa linavunjika upya.

"Umejiitia mauti mwenyewe," alimwambia. "Sasa sikiliza. Wewe ni mgeni wangu. Umeanguka ngazini. Ukitamka jingine, mimi simo."

"Batuli, nisamehe..."

"Nani kataja msamaha? Naokoa usingizi wangu. Nyamaza!"

Akalisukuma panga kwa mguu chini ya darubini, akajitanda khanga begani.

Walifika wakihema, marungu juu, na Ngollo mbele. "Mwizi yuko wapi?" aliuliza kijana mmoja. "Rungu langu lina njaa!"

"Hakuna mwizi," alisema Batuli. "Mgeni wangu huyu, wa mjini. Kapanda ngazi gizani, kaanguka, kavunjika mkono."

"Yowe lote lile la ngazi?" Minza, jirani mwenye mchi, alimwinamia Sadiki. "Baba, ungekuwa unajifungua ungelia vipi?"

Wengine wakacheka. Kijana hakucheka. "Mbona katapakaa damu hivi? Ngazi gani inapiga mtu mbavu?"

Ngollo akasogea, na mguu wake ukagonga chuma. Kililia kidogo tu. Aliinama kama anayefunga kamba ya kiatu. Akainuka, akaliangalia bega la Batuli, ambapo khanga ilikuwa inalowa. Sadiki aliyaona magoti ya kamanda mbele ya uso wake akaanza kunong'ona shahada.

"Mama," alisema Ngollo, "tumekimbia kote huku. Mwano haurudi na njaa. Tuonyeshe ulichokuwa unakiona."

Batuli akaisukuma darubini kwa mkono ulio mzima, akaitafuta Mashuke. Ngollo akapanda, ngazi ikalalamika.

"Giza tupu."

"Unakodoa, kamanda."

"Nitazameje na macho ndiyo haya?"

"Mama mkwe wako akiwa ameketi kizingitini, unamwona?"

"Namwona. Simtazami."

"Basi."

Kamanda akageuza jicho pembeni kidogo. "Eeh," akasema, kwa sauti ambayo watu wake hawakuwahi kuisikia. "Wapo mstarini. Na nyuma kuna kama pumzi... Nikimgeukia, hayupo."

"Ndiye mpagazi wa mwisho."

"Shusheni marungu," aliwaambia watu wake. "Ngazi hii haibebi mtu na rungu."

Wakapanda mmojammoja, wakisukumana na kubishana nani kaona na nani kadanganya, na marungu yakabaki yamelala chini kwenye nyasi. Ngollo akachuchumaa karibu na Sadiki. Hakumgeukia. Uso wake ulikuwa umeelekea reli.

"Mgeni," alisema polepole, "na wewe nimekuona. Nimekuona kimkwe. Siku nikikukuta tena huku, nitakutazama kwa macho makavu."

Kisha akamnyanyua, akampakia kwenye pikipiki ileile iliyomleta ili asikutane na mtu njiani, akaondoka naye. Panga hakulitaja, wala siku hiyo wala baadaye.

Minza alimfunga Batuli bega kwa kipande cha khanga, akisonya kwa kila tone. "Huyo mgeni wako, dada, hajui kushuka ngazi."

"Hajui," alisema Batuli. Mpini ulikuwa bado mkononi, na vidole vilikataa kuuachia hadi mlio wa pikipiki ulipopotea upande wa Tabora.