Mwiko wa Fundi Sikio

Fundi wa friji waliyemwita Sikio alikuwa na tabia moja ambayo hakuna aliyeweza kumwachisha. Akiingia nyumbani mwa mtu haulizi imeharibika lini, hafungui mlango wa friji, hashiki bisibisi. Anapiga goti nyuma ya friji, anatoa mwiko wa marehemu mama yake uliolainika kwa miaka ya kukoroga, kichwa cha mwiko anakigusisha kwenye kompresa, moyo wa friji unaosukuma gesi, mpini anautia sikioni, anafumba macho. Mwenye nyumba ananyamaza. Watoto wananyamazishwa.

Alichosikia humo hakikuwa mashine. Friji ilimjia kama mtu aliyelala akiota: pumzi inapanda, pumzi inashuka, na mahali mbali maji yanapita chini ya majani. Iliyopungukiwa gesi ilitoa mluzi mwembamba. Yenye mota iliyochoka iligugumia. Akishamaliza alibaki pale pale kidogo, kama mtu aliyeamshwa katikati ya ndoto tamu akitaka kuirudia, na mkewe alizoea kusema, "Huyu bwana ana wake wenza wengi, wote weupe, wote baridi."

Watu husema sikio halilali na njaa. La kwake lilianza kulala na njaa. Kwanza alikosa ndege wa asubuhi, kisha akakosa kijiko kikigonga kikombe, na mkewe akimwita kutoka jikoni akawa anaitika kwa kukisia. Hakusema. Wanaume ndivyo walivyo, hufa na mambo yao mdomoni. Kisha likaja la mshonaji wa nguo. Sikio alisikiliza friji yake, akaikuta kimya, akatangaza kompresa imekufa. Mshonaji akaitoa nje. Mwokota vyuma akaibeba, akaichomeka kwake kwa kujaribu bahati, na ikagandisha maji mpaka chupa zikapasuka. Mtaa ulicheka ukashika mbavu. Fundi akikosea mara moja husamehewa; ya pili wanatafuta mwingine, na Sikio hakujua kazi nyingine chini ya jua.

Kwa hiyo bibi wa mkewe alipomwita, alikwenda akijua hana nafasi ya kukosea tena.

"Karibu mume wangu," bibi alisema mlangoni, kwa utani wao wa siku zote. "Umekonda. Yule mjukuu wangu anakulisha nini, misumari?"

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Njoo uione, inanitia aibu. Juu barafu, chini joto. Maziwa yote yamechacha."

Mle ndani mwanga wa alasiri ulipita kwenye pazia ukawa rangi ya asali, na kila kitu kilikaa kama kimesahauliwa na saa. Friji ilisimama pembeni imevishwa kitambaa cha kufuma kichwani, kama bibi harusi anayesubiri kuitwa. Sikio akapiga goti. Akaweka mwiko. Akafumba macho.

Pamba tupu. Akahamia sikio la pili. Kimya, kama mtu aliye chini ya maji. Neno lilishamfika ulimini.

"Bibi, hii kompresa yako..."

"Inafanyaje? Au na wewe inakusinzisha? Mimi ndiyo inayonilaza. Tangu asubuhi inanguruma kama babu yenu, Mungu amrehemu."

Sikio akafumbua macho. Bibi alikuwa ananyoosha kitambaa chake, hana habari. Kumbe friji haikuwa imenyamaza. Aliyenyamaziwa ni yeye. Angeweza kuinuka aseme nitarudi kesho, asirudi. Akautazama mwiko.

"Bibi, siisikii."

"Husikii nini?"

"Friji. Hata ile ya mshonaji sikuisikia. Masikio yameniacha."

Bibi hakucheka. Alijishusha sakafuni taratibu, goti kwanza, kisha lingine, akanyoosha mkono. "Lete huo mwiko." Akautia sikioni kama aliyezaliwa nao. "Nikwambie nini?"

"Chini kukoje?"

"Mngurumo. Mzuri, hauna kikohozi."

Akamsaidia kusimama, mwiko ukagusa ubavu wa juu, penye friza.

"Huku kuna kitu kinazunguka. Hakikwaruzi. Ila..." Bibi alifumba macho naye. "Kama mtu anayepumua na shuka usoni."

Hapo Sikio akafungua mlango wa friji, akaingiza mkono, akapapasa ukuta wa nyuma juu kabisa, nyuma ya makopo. Vidole vikakutana na uzi. Akavuta. Kikatoka kitambaa cha kufuma kilichokunjwa vizuri, kimelowa, kimekakamaa kwa barafu.

"Bibi, hiki nini?"

"Hicho nimekiweka mimi. Palikuwa na tundu, upepo unatoka. Mtu mwenye akili zake anaacha baridi itoroke?"

"Baridi yako inatengenezwa juu, bibi. Feni inaisukuma ishuke kwa tundu hili. Umeifungia chumbani."

"Na wewe ulitaka kusema imekufa."

"Nilitaka."

"Basi tumelingana. Usimwambie mjukuu wangu habari ya kitambaa. Ya masikio utamwambia mwenyewe, leo, ama nitamwambia mimi. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini lako halijafa, limezeeka tu kama friji yangu hii."

Sikio akatandaza kiganja mbele ya tundu. Baridi ikashuka polepole, ikamkalia mkononi kama ndege anayefikiri. Kiganja cha pili akakilaza ubavuni mwa friji, na mtetemo ukapanda kifundoni, ukapanda kiwikoni, na huko ndani akaikuta ile pumzi, na yale maji chini ya majani, hayakwenda popote. Alisimama hivyo muda mrefu. Bibi alikwisha kujilaza, sauti yake imejaa usingizi.

"Inasemaje?"

"Inasema ulale."

Jioni alimwambia mkewe. Mkewe aliendelea kukunja nguo. "Nilijua tangu ulipoacha kunijibu utani," alisema.

Siku hizi akiingia nyumbani mwa mtu bado anapiga goti, ila mwiko anampa mwenye nyumba, yeye anaweka kiganja, na wanaulizana. Na friji ya nyumbani kwake aliibeba kwa mkokoteni akampelekea mshonaji kufidia ile yake, wala hakutaka kubishana naye. Mkewe alitazama pembe iliyobaki tupu, akachukua ufagio.

"Mke mwenza mmoja amepungua," alisema, kwa sauti kubwa ya kutosha.