Paa la Mwisho la Kiganja

Saa moja asubuhi. Mwanamke mmoja anavua pete, anapanda juu ya kreti la soda na kupitisha mkono juu ya paa la pikapu kuukuu. Anakwenda polepole, kutoka juu ya mlango wa dereva hadi nyuma. Mumewe, fundi bodi, amesimama kando na kipande cha msasa, kama anayesubiri majibu ya hospitali.

"Bado," anasema mwanamke. "Hapa juu ya mlango pana kituta."

Hapo hapo fundi amepasugua siku mbili nzima. Anaweka kiganja, anafumba macho, anatikisa kichwa. Hahisi kitu.

Gereji nzima inamwita Kiganja. Kwa miaka thelathini na moja amekata kebini za pikapu, akazirefusha na kuziongezea kiti cha nyuma, na hakuna aliyewahi kumwona na rula. Alikuwa akifumba macho na kupapasa, basi. Mafundi wenzake walimletea kazi zao azipapase kabla ya kupiga rangi, naye akiwatania kuwa mikono yao ni ya kushikia vijiko tu.

Mwaka jana ganzi ikaingia vidoleni. Daktari akamweleza kuwa mtetemo wa mashine ya kusagia chuma umeua mishipa ya fahamu, na hisia hazitarudi. Fundi akafanya siri. Mkewe aligundua siku alipomkuta ameshika sufuria iliyotoka motoni, ngozi inachunika, na wala hana habari.

"Mimi ndiye niliyelia," anasema mkewe. "Yeye anaangalia tu."

Kazini aliendelea kujikaza, hadi alipoharibu. Alikuwa akilainisha kiungo cha paa la gari la mtu. Akipapasa, hapati jibu, anaongeza msasa. Anapapasa tena, anaongeza tena. Bati likatoboka, ikabidi paa zima libadilishwe. Zamani alitoa kebini nne kwa mwezi. Hii ya sasa ina wiki ya sita.

Tangu siku ile mkewe huja kila asubuhi kupapasa kwa niaba yake. Mafundi wamembatiza Mama Mkaguzi. Mumewe hucheka nao, ila inamuuma, na hafichi.

"Nilisifiwa kwa kitu kimoja tu duniani," anasema. "Na ndicho hicho kimekwenda."

Saa nne anafika mwenye pikapu, mzee aliyefiwa na mke, anayelea wajukuu wawili. Amechoka kuwapakia nyuma pamoja na mizigo. Anauliza kile ambacho wateja wote huuliza: Kiganja ameshapitisha mkono?

Fundi angeitikia tu, yangeisha. Anamtazama mkewe kwanza.

"Mkono wangu umekufa, ndugu yangu," anasema. "Anayepitisha ni huyu."

Mteja anasema paa hili walimalizie tu, ila pikapu ya kaka yake, aliyoahidi kuileta, ataitafutia fundi mwingine. Anayasema kwa upole, na upole huo ndio unaomchoma fundi.

Mteja akishaondoka, fundi anakaa juu ya tairi. Anasema mpango wake ni kulimaliza paa hili bila kasoro, kisha afunge kazi.

"Ila rangi ikikauka, nitalipapasa mwenyewe."

Mkewe anamuuliza atajuaje lilivyo.

"Utakuwa pembeni," anamjibu. "Utanisimulia."