Siku Niliyodhaniwa Nasujudia Kipepeo

Sifa zote njema ni za Mola aliyenipa uzee wenye afya na wajukuu wa kunicheka, maana mkasa huu uliniaibisha mbele ya darasa zima, na hadi leo nikiukumbuka navuta kofia hadi machoni.

Mjukuu wangu Salma alikuwa na safari ya shule kwenda jumba la makumbusho hapa Minneapolis, na kwa kuwa wazazi wake walikuwa kazini ghalani, mji wa jirani wa Shakopee, nikajitolea kuwasindikiza watoto. Ndani ya basi akaninong'oneza, "Babu, tafadhali, leo usinitie haya." Nikamwahidi.

Adhuhuri ikaingia. Badala ya kumuuliza mlinzi pa kuswalia (sikutaka kumsumbua, na huo ndio ujinga wenyewe), nikajitafutia chumba kitulivu chenye taa hafifu, kwa kuwa mlikuwa na kipepeo cha kujipepea cha Wachina wa kale, cha hariri, kimechorwa korongo wawili, na mwanga mkali hukifubaza. Mashallah, kazi ya mikono! Simu ikaonyesha kibla ni kaskazini mashariki, yaani palepale kwenye sanduku lake la kioo, nami nikasema Mungu anaijua nia yangu, nikavua viatu, nikatandaza koti, nikaanza swala.

Nilipoinama kurukuu, kichwa kikakaribia kioo mno, king'ora kikalia. Mlinzi akaja mbio. "Mzee! Mzee, unaumwa?" Nami siwezi kumjibu, nimo katika swala, basi nikapaza sauti, "Subhanallah!" kama tulivyofundishwa madrasa, ili mtu ajue unaswali, naye maskini akadhani naugulia maumivu, akaagiza kiti cha magurudumu. Darasa lote likamiminika chumbani wakati nimesujudu, na mtoto mmoja akacheka, "Tazameni, anakiabudu kipepeo!"

Nikajua huyu Salma ndiyo basi, hatanitaka tena mbele za watu.

Mara nikamsikia. "Huyo ni babu yangu! Anamwomba Mungu, si kipepeo. Nyamazeni amalize."

Wakanyamaza, hata mlinzi na kiti chake.

Nilipotoa salamu, nikamwona kushotoni kwangu, amenishikia viatu. "Babu," akasema, "siku nyingine uliza."

Nimeapa kuuliza. Nawe unayesoma, Mola akujaalie mtoto wa kukusemea siku utakayokuwa huwezi kujisemea. Amin.