Jiwe la Mwanangu Liko kwa Wakwe, Jumamosi Linakatwa

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana mie Kimara wananijua, na huko ninakokusema wanausoma ukurasa huu. Nina miaka hamsini na mbili, mjane, mama wa watoto wawili. Shule niliishia la saba, lakini watoto nimewalea wakaleleka, anayebisha aje awaone. Binti yangu ameolewa juzi juzi tu Mbezi Beach, kwenye familia ya Kiarabu yenye maduka, watu wa dini na heshima zao. Sie ni watu wa kusini. Wapo majirani waliosema hatutaweza kukaa mkeka mmoja na watu wale. Tumekaa, na pilau yangu wakaifungasha wakaondoka nayo.

Sasa kaka yake bibi harusi, huyo ndiye mkubwa, yuko machimboni miaka na miaka. Hakuwahi kupata kitu cha maana hadi mwaka jana alipotoka huko na jiwe amelifunga kwenye shati lake. Jamani, lile jiwe! Lina ukubwa wa ngumi mbili, chini jeusi, juu lina mabonge mabonge kama zabibu, na ukiligeuza kidogo linakuwa kijani, ukiligeuza tena zambarau, mara dhahabu. Umeshaona shingo ya njiwa juani? Ndiyo hivyo.

Akaniambia, "Mama, hili silo la kuvaa. Kuna watu wanakusanya mawe ya hivi, wanaweka kwenye kabati la kioo wanayatazama."

Nikamuuliza, "Wanatazama tu? Hawana tivii?"

Akacheka hadi akakaa chini. Kisha akasema, "Mama, sikiliza. Rangi hizi ziko juu juu tu kama ngozi. Likikwanguliwa au likikatwa, zinakufa, linabaki jiwe la kujengea msingi. Kambini tunalala wengi, sina pa kuliweka. Lifunge kwenye shuka, weka chini ya kitanda, nitafute mteja. Hili ndilo jasho langu lote."

Nikamwambia sawa baba. Lakini na nyie niambieni, kitu kizuri vile ukifiche chini ya kitanda na ndala? Nikalipanga kwenye kabati la sebuleni, juu ya kitambaa nilichofuma mwenyewe, katikati ya seti yangu ya vikombe. Kila aliyeingia nilikuwa namwambia, "Hilo kaleta mwanangu."

Siku wakwe walipokuja kupanga ndoa, mama mkwe wa binti yangu alilitolea macho. Akasimama kabisa na chai yake. "Mashallah mkwe, hiki kitu gani kinabadilika rangi hivi?" Na mie pale moyo umejaa, majirani wako dirishani, nikasema, "Limekupendeza? Basi ni lako mkwe! Kwa mwanangu hayo yapo kama kokoto."

Sie tulivyozoea, mtu akisifia kitu chako unamwambia chukua, naye anasema ahsante, kaa nacho, maisha yanaendelea. Yule mama machozi yakamlengalenga. Akanikumbatia, akasema kwao zawadi ya mkwe hairudishwi, akalifunga kwenye mtandio wake likaingia kwenye mkoba. Nilibaki natabasamu kama mtu anayepigwa picha.

Tangu hapo nimekwama. Mwanangu harusini hakuweza kutoka machimboni, na akipiga simu ya video nimwoneshe jiwe, nasema umeme hamna. Nimemwendea binti yangu aliombe kistaarabu, akanijia juu: "Mama, mdomo wako ndio umetoa! Nikilidai nitaonekana nimetoka kwa watu wanaotoa wakanyang'anya. Mie ndio naishi humu, sio wewe."

Jana mkwe kanipigia ana furaha kama mtoto. Jumamosi anampelekea fundi wa vito Kariakoo alikate, kila mwanamke wa familia zote mbili apate kipande shingoni, tuwe kitu kimoja. Nikajikaza, "Mkwe, si tuliache zima? Nasikia likikatwa linaharibika."

Akacheka. "Wewe mkwe una huruma na mawe! Mwanao si anayo kama kokoto? Likiharibika atatuletea lingine."

Ni maneno yangu mwenyewe yale, kayatunza vizuri kuliko mie nilivyolitunza jiwe.

Na fundi haligusi mpaka mie niwepo, kwa sababu mtoa zawadi ni mie. Jumamosi asubuhi ananipitia na gari. Huku mwanangu naye leo kanipigia anapiga kelele, mteja kapatikana, wanafika nyumbani Jumamosi mchana. "Mama, pika ile pilau yako. Mwambie na dada aje." Sijawahi kumsikia na sauti ile tangu baba yake afariki.

Nikimwambia mkwe ukweli, mie ni muongo mbele ya ukoo mzima na binti yangu atatazamwa kwa jicho hilo hilo. Nikinyamaza, mwanangu ataingia sebuleni kwangu na mgeni wake akute flaski ya chai pale lilipokuwa jiwe lake.

Msinitukane kwamba nina mdomo, hilo nimeshajiambia. Nielekezeni tu, kabla ya Jumamosi, mama mwenzenu niingilie wapi? Maana kabla hajakata simu mkwe aliniuliza, kipande changu nitengenezewe pete au mkufu.

Nikamjibu mkufu.