Sifuri ya Enesi

Enesi sio mwoga. Nasema mapema, maana wapo wapuuzi pale kiwandani wanamcheka mpaka leo. Mtu kalea wadogo zake wanne hapa hapa Tunduma, atakuwaje mwoga? Ila Jumatano ile aliogopa, na mimi mwenyewe niliogopa.

Tunatengeneza sharubati nzito ya pasheni, ile unachanganya na maji. Enesi ndiye mpimaji. Ana mashine ya kioo, refraktomita: unadondoshea tone, inakwambia sukari imefika asilimia ngapi. Ikisoma sitini na tano, tunafunga chupa. Ikiwa chini, sharubati inachacha, gesi inajaa, chupa inapasuka kama bomu. Ndiyo maana kila asubuhi anadondoshea kwanza maji ya betri, yasiyo na kitu, anairekebisha isome sifuri.

Sasa baridi ya Juni huku si unaijua. Enesi akawa anaweka jiko la mkaa chini ya meza, apashe miguu. Mashine yenyewe kuukuu, haijirekebishi yenyewe joto likibadilika. Anaweka sifuri kioo kikiwa cha moto, halafu mama anayetuuzia chai anakuja kuchukua jiko lake alilomwazima, kioo kinapoa. Kuanzia hapo mashine inadanganya. Inasema sitini na tano, kumbe sitini na tatu. Wiki tatu hivyo hivyo.

Jumatano chupa ikapasuka stoo. Paa! Kipande cha kioo kikazama kwenye mlango wa mbao. Enesi akakimbilia mashine, akadondoshea maji yale yale. Badala ya sifuri, ikasoma karibu mbili. Akakaa chini.

"Kreti kumi ziko Nakonde kwa Violet."

Violet ni mdogo wake, ana duka upande wa Zambia. Analala mle mle na watoto wawili.

Bosi Shadrack akaja anafoka. "Nani kaangusha chupa?"

"Haijaangushwa, bosi. Nilikosea sifuri. Zilizotoka zirudi zote."

"Wee mama, funga mdomo. Ukilitoa hilo neno nje ya geti, kesho usije."

Nikachemka. "Zikimpasukia mtoto usoni utazificha wapi?"

"Na wewe mbeba kreti, nani kakuuliza?"

Enesi akampigia Violet simu mbele yake, kaweka spika. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Baridi yote ile, jasho linamtoka. Mara ya nne ikapokelewa.

"Dada, nina wateja..."

"Watoto wako wapi?"

"Si wako hapa chumba cha nyuma, wanacheza."

"Watoe nje! Saa hii! Chupa zetu usiziguse!"

Tukasikia ndala zinakimbia, Violet anaita majina, mtoto analia. Hata Shadrack akasogea asikilize.

"Tuko nje," Violet akasema, anahema. "Dada, moja inatoa povu kwenye kizibo."

Enesi akavua koti la kazi, akalitupa mezani mbele ya Shadrack, akatoka. Nikamfuata. Tukaenda mbio mpaka mpakani. Kreti zilikuwa bado mle dukani, na lazima mtu aingie kuzitoa.